Benki inadai bima ya mafuriko: anza na kipimo cha ardhi

Dada yangu wa Houston, umeuliza kama benki ina haki ya kukulazimisha kukata bima ya mafuriko, ilhali nyumba yako iko mlimani kidogo na haijawahi kuingia maji. Haki hiyo inayo: sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inamtaka mkopeshaji anayesimamiwa na serikali kuu ahakikishe kuna bima kwa kila jengo ambalo ramani za FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, huliweka katika eneo la hatari ya mafuriko, na usipoikata ndani ya siku 45 tangu upewe taarifa, ataikata yeye kwa gharama yako, kwa kawaida ghali zaidi. Kwa hiyo usiache siku hizo zipite.

Hata hivyo, ramani hukosea. Mwite mpima ardhi mwenye leseni apime sehemu ya chini kabisa ya udongo unaogusa jengo, pamoja na ile kona ya gereji ambayo watu huisahau. Ikiwa haiko chini ya kimo cha mafuriko yanayokadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na udongo ni wa asili, haukujazwa, waombe FEMA barua ya kurekebisha ramani. Hawatozi ada, ingawa mpima utamlipa wewe.

Barua ikitoka, ipeleke benki na uombe sharti liondolewe kwa maandishi, kwani benki bado inaweza kulishikilia. Nakusihi, ubaki na bima, hata ya bei nafuu.