Jibu: Spitfire yangu imejaa madoa ya fedha, niyapunguzeje?

Habari mkuu. Nimeelewa hivi: una modeli ya ndege ya kivita Spitfire Mk V ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), umeigongea rangi ya fedha kwa brashi ili ionekane imechubuka, sasa mabawa yamekuwa kama kanga wa porini.

Anza na ukubwa wa madoa. Kwa skeli hiyo doa la milimita 1 ni bati lililochubuka zaidi ya sentimita 7 kwenye ndege halisi. Usikwangue chochote. Chukua rangi ileile ya bawa na brashi nyembamba kabisa, funika kila doa kuanzia pembeni hadi kibaki kichembe tu.

Kisha angalia mahali. Mlango wa rubani uko kushoto, kwa hiyo viatu vilichubua zaidi shina la bawa la kushoto, pale linapoungana na mwili wa ndege. Ongeza na kingo za vifuniko vya injini, basi. Usukani wa mkiani ulivikwa kitambaa, siyo bati, kwa hiyo fedha yote ya pale ifunike. Na kama panga la mbele (propela) ni la mbao, la kampuni ya Rotol, hata hapo fedha haistahili.

Ukirudia kuweka madoa, tumia kipande cha sponji kilichochanwa, siyo kilichokatwa kwa mkasi. Kichovye kwenye rangi ya fedha, kikaushe kwenye karatasi mpaka kibakize alama hafifu, ndipo uguse. Mimi hufanya hivyo baada ya varnishi ya mati (isiyong'aa), maana varnishi hiyo ikipita juu ya fedha huifanya kijivu.

Rangi za lakari (lacquer) sijazitumia, wenye uzoefu nazo waongezee.