Malengo ya kazi masjala: andika kinachoweza kuhakikiwa

Ndugu mtunza kumbukumbu, nimekuelewa: msimamizi amekurudishia malengo yako kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwa sababu "kuboresha utunzaji wa kumbukumbu" hakupimiki, nawe hujui uandike nini badala yake.

Anza na rejesta ya barua zinazoingia. Chukua barua za mwezi uliopita, linganisha tarehe ya kupokelewa na tarehe ambayo jalada lilimfikia afisa mhusika, na hapo utapata hali halisi ya kuanzia. Ikiwa nyingi huchukua siku nne, andika: "Kufikia 30 Septemba, kila barua iliyopokelewa iwe imesajiliwa, imewekwa kwenye jalada na kumfikia mhusika ndani ya siku mbili za kazi." Kuahidi siku hiyo hiyo kunapendeza kwenye karatasi, lakini mhudumu akienda likizo utaumbuka.

Usijifunge kwa jambo lililo mikononi mwa mwingine. Kufika kwa jalada ni kazi yako, kujibiwa kwa barua si yako. Malengo matatu au manne yanatosha, bila kusahau yale majalada yaliyofungwa ambayo bado yamebanana kabatini. Jihadhari pia na kishawishi cha kuandika tarehe ya kutoka ilhali jalada lingali mezani, kwani mkaguzi anaweza kulinganisha rejesta na jalada lenyewe.

Msimamizi akibadilisha lengo katikati ya mwaka, omba abadilishe kwenye mfumo, si kwa mdomo; mkishindwa kukubaliana kuhusu alama, mwone afisa utumishi mapema, kabla ya mwaka wa fedha kufungwa 30 Juni.