Dada wa Langoni, usimjazie mwanao fomu ya ualimu kwa sababu tu ni msemaji

Dada yangu, ukiwasilisha fomu hiyo ya mwanao ya kuomba chuo kesho kama ulivyosema, huenda ukawa umenunua miaka minne ya hasara kwa fedha zako mwenyewe.

Umetueleza kwa urefu hulka za vijana watatu waliomaliza kidato cha nne hapo kwenu Lamu. Wa kwanza ni mwanao, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha mdahalo shuleni, ambaye kila arusi mtaani humwita awe mshereheshaji na ambaye msimu wa Maulidi hapewi hata nafasi ya kupumua. Wa pili ni binamu yake, msichana mkimya anayependa kemia na anayetaka kuwa mfamasia. Wa tatu ni kijana wa jirani, bingwa wa kushindana kwa mashua, anayetamani kazi ya bandarini au melini. Ukauliza kozi ipi inamfaa nani, kama wasome Mombasa au Nairobi, kama mwanao anunuliwe kompyuta sasa au asubiri, na jinsi ya kuandika barua ya kuomba ufadhili. Lakini mimi nimekwama kwenye sentensi moja tu, ile uliyosema kwamba mwanao ana wastani wa B-, kwamba "amezaliwa mwalimu", na kwamba mnamchagulia Shahada ya Elimu, masomo ya Kiswahili na Dini ya Kiislamu. Gredi ya Kiswahili hukuitaja, na ya Dini hukuitaja.

Tume ya Huduma za Walimu haimsajili mtu kuwa mwalimu wa sekondari kwa sababu ana shahada na sauti nzuri. Inataka awe amepata wastani usiopungua C+ katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na katika mtihani huo huo awe amepata C+ au zaidi katika kila moja ya yale masomo mawili atakayofundisha. Akiwa na B- ya wastani na C katika Kiswahili, mlango umefungwa, hata kama chuo kimempokea kwa mikono miwili, kikampa digrii ya daraja la juu na kumpiga picha amevaa joho. Wala usijifariji kwamba atafundisha shule za kibinafsi, kwa maana sheria ya mwaka 2012 inayoisimamia Tume hiyo inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa, shule iwe ya serikali au ya mtu binafsi.

Na siku hizi wastani unaficha mambo kuliko zamani. Tangu mtihani wa 2023, wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyefanya vyema katika Kiingereza anaweza kuanguka kidogo katika Kiswahili na wastani wake usitikisike hata chembe. Familia inasherehekea B- pilau ikiwa jikoni, na ile C imejikalia kimya kwenye hati ya matokeo, ikimsubiri siku atakapoomba nambari ya usajili.

Ninaijua C hiyo kwa sababu niliishi nayo. Mimi ni mtoto wa Malindi, mjukuu wa watu wanaokosoa ngeli za wageni barazani, na nilipata C katika Kiswahili. Cheka tu, nimeshazoea. Nyumbani lugha inaniita mjukuu, lakini kwenye karatasi ya fasihi ilinikana mchana kweupe. Wastani wangu ulikuwa C+, Historia nilipata B-, na kwa kuwa nilikuwa mdomo wa darasa, mwigizaji wa tamasha za drama na mtangazaji wa michezo shuleni, hakuna aliyeiangalia ile C mara ya pili.

Hapo ndipo alipotokea yule bwana aliyejiita mshauri wa vijana. Wazazi walichanga fedha, akaletwa ukumbini na koti lake na makabrasha yake, akatugawia fomu ya maswali: je, unapenda kuzungumza mbele ya watu, je, ukikasirishwa unanyamaza au unajibu, je, marafiki hukufuata kwa ushauri? Akazikusanya, akazipitia huku anakunywa soda yetu, kisha akatugawa mafungu kama muuza samaki: hawa viongozi, hawa wasanii, hawa wataalamu, hawa walezi. Mimi nikaangukia kwa walezi. Akaniambia, mama yangu akiwa ameketi kando, kwamba kumnyima mtoto huyu ualimu ni dhuluma. Katika asubuhi nzima ile hakumwomba hata kijana mmoja hati yake ya matokeo, na mtu anayewashauri vijana kuhusu kazi bila kuangalia gredi zao za somo kwa somo ni mpiga ramli, ila mpiga ramli angalau hujua kwamba watu wanamshuku. Mwenzake nilimkuta chuoni, kwenye dawati la wanafunzi wanaojilipia karo. Huyo aliutazama wastani wangu, akasema, "Unatosha," akanionyesha dirisha la kulipia. Kwake nilitosha kweli, kwa sababu karo ilitosha.

Nilisoma Kiswahili na Historia miaka minne, na nilisoma vizuri. Mama aliuza sehemu ya minazi iliyokuwa urithi wake, na pengo lililobaki likazibwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo. Nilipoomba usajili, jibu lilikuwa fupi: gredi ya somo la kufundishia haijafikia kiwango. Nikadhani ni makosa ya karani, nikaenda na digrii yangu iliyokunjwa ndani ya bahasha ya kaki, na afisa akanieleza kwa upole mkubwa jambo ambalo lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angejisumbua kuuliza kabla ya mwaka wa kwanza. Mkopo nao haukujali. HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, awe amesajiliwa na Tume au hakusajiliwa. Leo ninauza saruji na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, na kipaji changu cha kufundisha hakijapotea kabisa: huwaeleza mafundi tofauti za rangi, nao angalau hawaombi ruhusa ya kwenda msalani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mtoto ni mpole au ni msemaji, muulize anayetoa leseni ya kazi hiyo anataka nini, kisha urudi nyuma hadi kwenye hati ya KCSE. Ofisi ya mkurugenzi wa Tume ya kaunti ipo hapo Lamu. Nenda na hati yenyewe, wala si wastani uliouandika kwenye simu, na uulize ukiwa umeweka kidole juu ya gredi ya kila somo. Kama Kiswahili ni C na Historia ni B, basi mwacheni aoanishe Historia na Dini, ikiwa Dini nayo imefika C+, na aendelee kusherehesha arusi kwa Kiswahili chake bila kuombwa cheti. Maadamu dirisha la KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, bado liko wazi, chaguo linaweza kubadilishwa, lakini likishafungwa utakuwa unabembeleza watu.

Mpwa wako wa famasia atazame kwanza Bodi ya Famasia na Sumu inakitambua chuo kipi, maana chuo kutangaza kozi si sawa na kozi kukubaliwa. Kijana wa mashua ana mkono wa bahari, sina shaka, na bandari ya Lamu imekuwa ikipokea meli tangu Mei 2021, lakini melini hatapanda bila vyeti vya usalama vya mabaharia vinavyotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Aanze kwa kuuliza Bandari Maritime Academy, Mombasa. Mombasa au Nairobi, kompyuta na barua ya ufadhili, hayo wengine humu watakujibu vizuri kuliko mimi.

Wewe niandikie hapa hapa usiku huu, kabla ya hiyo kesho: Kiswahili amepata nini, Dini amepata nini, na Historia au Jiografia, lolote alilofanya, amepata nini.