Maswali ya Wasomaji: Shina Mama la Kubebeshea Kaktasi

SWALI: Kaktasi yangu nyekundu ya duara imebebeshwa juu ya shina la kijani lenye pembe tatu. Shina limeanza kuoza chini, kichwa bado kizima. Nitaandaaje shina jingine? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikichomeke kichwa hicho kwenye udongo. Hakina klorofili, hivyo hakijitengenezei chakula. Hulishwa na shina mama, ambalo ni pitaya, lile la tunda la joka. Kwa sasa ondoa sehemu iliyooza mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia, kisha uache jeraha likauke kivulini. Kipande cha kijani kilichobaki kikiwa na sentimita 5 au zaidi, chenyewe kinaweza kutoa mizizi na kukibeba kichwa wakati unaandaa shina jipya.

Chagua tawi la pitaya lililokomaa lakini lisilo gumu kama mti, ukate urefu wa sentimita 20 hivi. Weka alama upande wa chini, maana vipande vikishalala mezani ni rahisi kuchanganya na kupanda kichwa chini. Chonga pembe za chini kama penseli hadi kiini kionekane sentimita 2, kwa kuwa mizizi bora hutoka hapo. Sasa kiache kivulini siku 7 hadi 10, jeraha lifunge kabisa. Wengi huharibu hapa: jeraha bichi likikutana na udongo wenye maji, ukungu huingia na shina huoza kabla halijatoa mzizi.

Panda kwa kina cha sentimita 4 kwenye mchanga mnene wa mtoni uliochanganywa na mboji kidogo, kwenye kopo lenye matundu. Mwagilia kidogo tu mpaka mizizi ishike. Usibebeshe mara tu ukiona mizizi. Subiri chipukizi jipya, ndiyo dalili kwamba utomvu unapanda. Shina lililolala, yaani lisilokua, halishiki kikonyo (kile kichwa kinachobebeshwa juu).

Mwagilia siku moja au mbili kabla ya kubebesha. Futa wembe mpya kwa spiriti, kata shina likiwa sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Wembe ukikwama kwenye kiini, umegonga sehemu ngumu. Kata juu zaidi. Chonga pembe za juu kwa mshazari, kwa sababu nyama ikikauka hunywea, lakini ganda halinywei, na ganda lililosimama husukuma kikonyo kisigusane na shina. Kata kikonyo, na uhakikishe pete ya mishipa yake (lile duara linaloonekana ndani ya mkato) inakatiza ile ya shina. Zikiwa na ukubwa tofauti, usiziweke katikati kwa katikati, kwani hazitagusana kamwe: sogeza kikonyo pembeni kidogo. Funga kwa mpira wa kufungia noti kupitia chini ya kopo, siku 7 hadi 10, pasipo jua kali wala maji juu ya jeraha. Baadaye ng'oa kila chipukizi la shina mama.

SWALI: Naishi Limuru, pitaya zangu hudumaa. – Msomaji

JIBU: Pitaya haipendi baridi ya chini ya nyuzi 10. Tumia mpungate kama shina mama: chukua jani changa lililokwisha toa mizizi.

SWALI: Mnyaa unafaa kuwa shina mama? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Mnyaa si kaktasi, ni wa familia nyingine, na kikonyo hakitaungana nao. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Ukikugusa, osha mara moja.