Urani na madini adimu kwenye mwamba wa mchanga: usikimbilie asidi kabla hujaujua mwamba

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mwamba wa mchanga wenye urani ukichenjuliwa kwa asidi ya salfuriki utatoa na madini adimu (lanthanamu, seriamu, neodimiamu na wenzao) kwa mkupuo mmoja. Nimefanya kazi miaka sita kwenye maabara ya uchenjuaji, na sampuli nyingi zilizopita mezani kwangu zilikuwa za miamba ya Karoo (tabaka za kale za mchanga) ya kusini mwa Tanzania, jamii ile ile inayobeba urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Urani itatoka. Madini adimu yanategemea yamejificha ndani ya nini.

Urani kwenye mwamba huu haimo ndani ya chembe za mchanga, imekaa katikati yake. Maji ya ardhini yaliileta ikiwa imeyeyuka, ikakutana na mabaki ya mimea au pairaiti (madini ya chuma na salfa), ikaganda hapo. Ndiyo maana huhitaji kusaga mbale (mawe yenye madini) mpaka iwe unga. Chembe zikishaachana, asidi inaifikia. Kazakhstan, inayotoa takribani asilimia 40 ya urani ya dunia, hata mwamba wenyewe haitoi: wanashusha asidi kwa visima na kuvuta juu maji yenye urani. Ile urani ambayo haijaoksidika ndiyo ngumu kuyeyuka, kwa hiyo unaisaidia kwa haidrojeni peroksaidi au manganizi dayoksaidi.

Anayekula pesa hapa ni kalsaiti, yaani madini ya chokaa. Kilo 1 ya kalsaiti inameza karibu kilo 1 ya asidi. Mbale yenye kalsaiti asilimia 5 itakula kilo 50 kwa tani kabla urani haijaguswa. Dondoshea jiwe asidi kidogo: likitoa povu kama soda iliyotikiswa, fikiria njia ya magadi, yaani kabonati ya sodiamu. Ila ukienda huko, madini adimu karibu yote yatabaki kwenye mchanga.

Sasa hayo madini adimu. Mara nyingi yamo ndani ya monazaiti (madini magumu ya fosfeti), na monazaiti haitishwi na asidi nyepesi. Kuna sampuli ilitupa urani zaidi ya asilimia 90, seriamu haikufika hata 10. Msimamizi wetu akaagiza asidi iongezwe maradufu na joto lipandishwe. Asubuhi nilipofungua chupa nilikuta uji mzito wa kijivu, unateleza kama mlenda. Udongo wa mfinyanzi uliokuwa kwenye mbale ulikuwa umeyeyuka, silika ikaganda, na kichujio kikaziba kabisa. Tulipoteza sampuli, na monazaiti haikutikisika. Inauma, kwa sababu kuitazama mbale kwa hadubini siku moja tu kungetuambia mapema.

Njia iliyotufaa ilikuwa kutoa urani kwanza kwa asidi nyepesi, kisha kukusanya mchanga mzito uliobaki kwa meza ya kutikisa, maana monazaiti ni nzito kuliko kwatzi, yaani mchanga wa kawaida. Huo mzigo mdogo ndio unaopikwa kwa asidi kali ya moto, nyuzi 200 na zaidi. Unapika kilo chache badala ya tani nzima.

Kama bahati yako ni nzuri na madini adimu yameng'ang'ania juu ya udongo tu, yataingia kwenye maji pamoja na urani. Kuyatenganisha si shida: urani ikishikana na salfeti inakuwa na chaji hasi, resini (punje za plastiki zinazonasa chaji) inaidaka, madini adimu yenye chaji chanya yanapita. Hayo unayagandisha kwa asidi ya oksaliki. Na usidanganywe na rangi: maji ya njano kwenye chupa mara nyingi ni chuma.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote. Ukishatoa urani, takribani asilimia 85 ya mionzi inabaki kwenye marudio (mabaki ya mbale baada ya kuchenjua), kwa sababu radiamu (elementi ya mionzi inayozaliwa na urani) na ndugu zake hawakutoka, na nusu-uhai wa radiamu, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 1600. Monazaiti nayo ina thoriamu, ambayo pia hutoa mionzi. Bwawa la marudio lipangwe kabla ya kinu, litandikwe vizuri, mbali na visima vya watu, na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki kipatikane kabla hujasafirisha hata gunia moja.

Kama una ripoti inayoonyesha aina za madini, si asilimia za elementi tu, iweke hapa tuisome pamoja. Taja na kiasi cha kalsaiti.