Kabla hujaandika "hii inaashiria kifo"

Nimezisoma kazi zenu zote za kuchambua video za muziki zinazoonyesha ugonjwa, na kabla sijalalamika niseme kwamba macho mnayo. Mnaona vitu vidogo ambavyo wakongwe wengi huvipita. Kinachowaponza ni haraka. Dripu ikionekana sekunde mbili, mmeshaandika kifo. Mshumaa, kifo. Dirisha liko wazi, roho inatoka. Mlango unafungwa, kifo tena. Video ya dakika nne ya mtu anayeumwa ikishapita mikononi mwenu hubaki matanga matupu, na yule mgonjwa aliyesimama mbele ya kamera akiimba, mzima wa akili na yuko kazini, haonekani tena.

Wadogo zangu, makosa haya tuliyakuta na tukayarudia. Nayaandika kwa namba kama mlivyozoea, ingawa najua nitatoka nje ya mstari.

1. Mara ya kwanza tazama bila sauti, uandike kilichopo tu: nani yupo, amevaa nini, mwanga unatoka upande gani, shoti imekaa muda gani kabla ya kukatwa. Neno "ishara" lisubiri.

2. Uliza kila kitu kimefikaje kwenye fremu. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Video ya "Lazarus" ya David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza, ilitoka tarehe 7 Januari 2016. Kesho yake, siku aliyotimiza miaka 69, ikatoka albamu yenye wimbo huo. Tarehe 10 akafariki kwa saratani, ugonjwa alioishi nao miezi 18 bila umma kujua. Basi sote tuliokuwa tukiandika kuhusu video tukairudia ile video, safari hii tukiwa na tarehe ya kifo mkononi. Kitanda cha hospitali. Bandeji machoni, na juu ya bandeji vifungo viwili mahali pa macho. Mikono inayong'ang'ania shuka. Mwanamke chini ya kitanda ananyoosha mkono. Mwishoni, Bowie wa pili (kwenye video anaigiza watu wawili, mmoja kitandani na mwingine aliyesimama) anarudi kinyumenyume ndani ya kabati na kujifungia mlango. Nani angehitaji kufikiri zaidi? Tukaandika kwamba ni wosia, kwamba marehemu alijitandikia kitanda chake cha mauti na kupanga kila fremu kwa mkono wake. Maandiko yale yalisomeka vizuri mno, na ndiyo maana yaliumiza yalipobainika.

Mwaka uliofuata, kwenye makala ya televisheni ya BBC, mwongozaji Johan Renck alieleza kwamba kitanda kilikuwa wazo lake yeye. Bowie alitaka video rahisi ya kuimba tu. Renck ndiye aliyesema wimbo wenye jina la Lazaro unataka mtu awe kitandani, na aliyekuwa akimfikiria ni Lazaro wa Biblia. Ugonjwa wa Bowie haukuwa chanzo cha wazo lile. Baadaye ndipo Renck alipokuja kujua kwamba wiki ileile waliyokuwa wakishuti, Bowie aliambiwa matibabu yanasitishwa.

Rudieni aya hiyo polepole, kwa sababu ina mitego miwili. Wa kwanza ni ule tuliouingia sisi: kumpa msanii mmoja kazi ya watu wengi. Video ina mwongozaji, mpiga picha, mtu wa mavazi, mtu wa seti na mhariri, na kila mmoja wao huleta kitu. Mtego wa pili nimeuona kwenye kazi mbili kati ya zenu: mkisikia wazo lilikuwa la mwongozaji, mnahitimisha kwamba basi hakuna maana yoyote. Hapana! Mwongozaji alileta kitanda, lakini aliyekilalia alikuwa mtu anayeambiwa na madaktari wake kwamba imefika mwisho, na akalala, akakunja vidole kwenye shuka, akaimba. Maana imezaliwa pale wazo la mmoja lilipokutana na mwili wa mwingine. Hilo ni zito kuliko wosia tuliombunia, na tulilikosa kwa sababu tulishapata jibu.

Tuone tulichopoteza kwa haraka ile. Yale macho ya vifungo yalishaonekana Novemba 2015 kwenye video ya "Blackstar", mwongozaji yuleyule. Ni mhusika anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na ukimsoma kama mgonjwa wa hospitali tu umemkata nusu. Halafu jina lenyewe. Lazaro wa Yohana sura ya 11 anatoka kaburini akiwa amefungwa sanda, na uso wake umefungwa leso. Anatoka, jamani. Video yenye jina la mtu aliyerudi tukaisoma kama ya mtu anayekwenda, na hakuna aliyesimama kuuliza ile bandeji usoni inafanya kazi gani ndani ya hadithi hiyo. (Mkiandika, msimchanganye na Lazaro maskini wa Luka 16, yule mwenye vidonda mlangoni kwa tajiri.)

Kubwa kuliko yote ni meza. Bowie wa pili, aliyesimama, amevaa nguo nyeusi yenye mistari ya mshazari inayofanana na aliyopigwa nayo picha katikati ya miaka ya 1970. Anaketi mezani penye fuvu na kuanza kuandika. Itazameni ile mikono. Anasita, anakodoa macho juu, ghafla amepata, kalamu inakimbia mpaka inavuka ukingo wa karatasi na kuendelea kwenye meza. Huyu ni mtu aliyejaa kazi na muda haumtoshi. Kitanda tulikipa aya tatu. Kalamu ikaambulia nusu sentensi. Ningeulizwa leo video ile inahusu nini, ningeanzia kwenye kalamu.

3. Tofautisha kilichochaguliwa na kilicholazimishwa na hali, kisha usikidharau cha pili. Video ya bendi ya Queen ya "These Are the Days of Our Lives" ilishutiwa Mei 1991, mwimbaji wao Freddie Mercury akiwa amedhoofika kwa UKIMWI, na ndiyo ya mwisho kwake. Alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba mwaka huo, akafariki kesho yake. Kila mwaka napokea insha inayosema rangi nyeusi na nyeupe "inaashiria mpaka kati ya uhai na mauti". Iliwekwa hivyo ili kuficha alivyokuwa amekonda. Mwingine ataandika kwamba mpiga gitaa Brian May kukaa mbali kidogo na wenzake ni ishara ya utengano; May hakuwepo siku ile, sehemu zake zilishutiwa baadaye zikaungwa.

Lakini hebu subirini. Kuficha nako ni kitendo, na mtu anayeomba afichwe anatuambia jambo kuhusu jinsi anavyotaka kuonekana. Sasa shukeni mpaka kifuani mwake. Amevaa kizibao kilichochorwa paka, na paka hao ni wake mwenyewe, wa nyumbani kwake. Mtu ana nguvu za kusimama tu, hawezi tena kukimbia jukwaani kama zamani, na anaingia mbele ya kamera akiwa amewavaa anaowapenda. Hapo ndipo fani na maudhui vinapokutana, na katika kazi zenu zote ni mmoja tu aliyewaona wale paka. Ajijue, nampongeza kwa moyo wote.

4. Maneno ya wimbo na picha ni mashahidi wawili, mhoji kila mmoja peke yake. Wimbo wa "Hurt" uliandikwa na mwanamuziki Trent Reznor akiwa kijana na ukatoka 1994. Johnny Cash, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, aliuimba akiwa mzee anayeumwa, na mwongozaji Mark Romanek akampeleka kwenye jumba lake la makumbusho lililokuwa limefungwa na kuharibika. Hakuna ubeti uliotaja uzee. Uzee umeletwa na vumbi, na ile meza ya karamu ambayo Cash anaimwagia divai kwa mkono unaotetemeka. Waliosoma historia ya uchoraji wataitambua meza hiyo: wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walipanga matunda, glasi na mafuvu hivyohivyo kuonyesha kwamba mali hupita. Someni uchoraji.

Na mke wake, June Carter, anayesimama kwenye ngazi akimtazama? Mnaandika kwamba anatazama kifo chake mwenyewe, kwa sababu alifariki Mei 2003, miezi minne kabla ya mumewe. Anamtazama mumewe. Romanek alimwona amesimama pale, uso umejaa mambo mengi kwa pamoja, akaomba amwingize kwenye video. Wakati huo hakuna aliyejua nani angetangulia, na uso ule haukuhitaji utabiri ili uwe mzito. Ukiutazama kama utabiri, unaacha kuona mapenzi.

5. Jifunze ugonjwa wenyewe, hata kidogo. Nywele zinaponyonyoka kwa mgonjwa wa saratani, kwa kawaida zinaangushwa na dawa, ambazo hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za mizizi ya nywele. Kwa hiyo msanii anayenyolewa mbele ya kioo ni mtu anayetibiwa, mtu anayepigana. Ukiandika kwamba kipara ni kifo umegeuza picha juu chini. Ule mstari mnyoofu wa mashine ya moyo unaofuatwa na mshtuko wa umeme ni mazoea ya filamu, kwani moyo uliosimama kabisa hauamshwi kwa mshtuko huo. Na angalia mwaka. Video ya "Waterfalls" ya kundi la TLC, ambamo kijana mwenye VVU anafifia mpaka anatoweka, ni ya 1995. Mwaka uliofuata ndipo mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi ulipoanza kubadilisha hatima ya wagonjwa. Kufifia kule kulikuwa sahihi kwa wakati wake, na video ya leo ikikunakili bila kufikiri ina haki ya kulaumiwa.

6. Rangi nyeupe ni harusi kwa wengine na sanda kwa wengine. Jua aliyetengeneza video anatoka kwa nani.

7. Usimpime msanii aliye hai kwa sura yake. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu wiki hii kuna aliyeniletea uchambuzi wenye jina la mtu, jina la ugonjwa, na ushahidi wa mashavu yaliyoingia ndani. Mashavu hayo yanaweza kuwa ya vipodozi, ya mwanga wa juu, au ya mlo wa kujiandaa kwa ziara. Na hata kama ni ugonjwa, Bowie alikaa na wake mwaka mzima na nusu, Mercury mpaka siku moja kabla. Ilikuwa haki yao. Andika kuhusu mhusika anayeonekana kwenye fremu, alalapo, anywapo dawa, afungapo mlango. Mwenye mwili akiwa hajasema, sentensi hiyo ifute, hata kama una hakika, hata kama ndiyo sentensi nzuri kuliko zote ulizoandika.

Kazi nawarudishia kesho. Zenye jina la mtu na ugonjwa sijazipa alama yoyote mpaka ziandikwe upya.