PDF ya OpenEdition inapodai usajili

Kama makala inasomeka lakini PDF inakataa kushuka, ndugu, kifaa chako hakina kosa. Majarida mengi ya OpenEdition, jukwaa la Ufaransa lililoanza mwaka 1999 kwa jina la Revues.org, huacha makala isomwe bure kwenye ukurasa, ila PDF na ePub ni za maktaba zilizolipia. Soma palepale, kisha hifadhi kwa amri ya kuchapisha (Print), kama PDF. Angalizo kubwa: usinukuu namba za kurasa za nakala hiyo, hazilingani na toleo la karatasi. Taja namba ya aya iliyo pembeni, pamoja na DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni. Matoleo ya zamani ya jarida la masomo ya Afrika, Cahiers d'études africaines, kuanzia 1960, yapo bure Persée, tovuti ya Ufaransa ya majarida ya kitaaluma.